Ramani ya ini kabla ya selio: namna ya kuitengeneza Bukavu kwa kompyuta ya kawaida

Anayekaa Funu, kule juu Kadutu, hahitaji kuelezwa kwamba mlima unatembea. Nyumba aliyoijenga imenyooka, misimu michache ya mvua ikipita mlango haufungi tena, ukuta umepata ufa, na kinjia cha kwenda bombani kimeshuka chini. Mpe ramani iliyochorwa zamani, ataitazama, atacheka, kisha atakuuliza ulikuja kupima lini.

Ini ni hivyo hivyo. Ila Funu huchukua miaka kusogea, na ini huchukua dakika chache tu, zile za kujaza gesi tumboni mwa mgonjwa kabla ya kupasua.

Mwongozo huu ni wa muganga kijana, fundi wa skana au mwanafunzi wa vyuo vikuu vyetu, UCB au UEA, ambaye siku moja mkubwa wake atamwambia: "Mututengenezee ini la huyu mgonjwa kwa 3D, Alhamisi tunaingia bloki," yaani chumba cha upasuaji. Hauwezi kumfundisha mtu kupasua. Kupasua hufundishwa mkono kwa mkono, kwa miaka, pembeni ya anayejua. Kazi yangu mimi ni picha. Husimama nyuma ya mpasuaji nikiwa na kompyuta, na mengi ninayoyajua nimeyajua kwa kukosea.

Kwanza, kwa nini tujisumbue? Selio, yaani kupasua kwa kamera na vyombo virembamba, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita laparoskopi, humwachia mgonjwa matundu machache madogo badala ya kovu refu chini ya mbavu. Huko Oslo, Norwe, utafiti wa OSLO-COMET uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 280 wenye kansa ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini. Waliopasuliwa kwa selio, asilimia 19 walipata matatizo baada ya upasuaji. Waliofunguliwa tumbo, asilimia 31. Si tofauti ya kudharau. Lakini selio humnyang'anya mpasuaji vidole. Tumbo likiwa wazi, hulibonyeza ini akahisi mahali penye ugumu. Kwenye selio huona ganda la ini tu kupitia kamera, jekundu, laini, lisilosema lolote, na uvimbe uko sentimita 4 ndani. Ramani tunayoitengeneza inajaribu kufidia vidole hivyo.

Selio yenyewe si mgeni Bukavu. Panzi, hospitali ya Denis Mukwege, imeifanya kwa miaka pamoja na timu ya Guy-Bernard Cadière kutoka Brussels. Ini ni darasa jingine. Linapokea takribani robo ya damu yote inayotoka moyoni, yaani kama lita 1.5 kila dakika, na ukikata tawi usilolitarajia, kamera inakuwa nyekundu na hakuna anayeona kitu.

Hatua ya 1: Dai picha zinazofaa

Mama mmoja wa Bagira aliniletea CD ya mume wake ameificha ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, ili isikwaruzwe. Ilikuwa safi kama siku ilipotoka dukani. Nilipoifungua nikakuta picha 24 za JPEG, za kutazama tu, kama picha za harusi. Hazina vipimo wala unene, na hakuna kompyuta inayoweza kujenga ini kutokana nazo. Ilibidi nimwambie arudi alikotoka. Uso wake siwezi kuusahau, maana nauli ya moto, ya pikipiki, aliikopa.

Kwa hiyo usisubiri CD ije. Mpigie fundi wa skana kabla mgonjwa hajalala mezani, na umwombe mambo manne.

Faili ziwe za DICOM, yaani zile za mashine yenyewe zenye vipimo vyake, zote, si zile alizozichagua kwa ajili ya ripoti.

Unene wa kila kipande usizidi milimita 1 au 1.5. Mashine nyingi huhifadhi kwa milimita 5 kwa sababu zinachukua nafasi ndogo na radiolojia huzisoma haraka. Kwa ramani, milimita 5 ni ngazi: mshipa mwembamba hupotea kati ya kidato na kidato. Data ghafi hukaa ndani ya mashine siku chache tu kabla ya kufutwa na kazi nyingine, hivyo fundi akikuambia "tutaangalia wiki ijayo", mwambie leo.

Dawa ya kontrasti, inayofanya mishipa ing'ae kwenye picha, ipigwe na picha zichukuliwe kwa awamu. Awamu ya ateri huja kama sekunde 30 hadi 35 baada ya sindano, awamu ya porta karibu sekunde 70 hadi 80, na ya kuchelewa baada ya dakika 3 hadi 5. Kansa inayozaliwa ndani ya ini kwa kawaida hung'aa kwenye ateri kisha hufifia kuliko jirani zake kwenye porta. Awamu ya porta ndiyo utakayochoria, kwa sababu hapo vena porta, inayoleta damu kwenye ini kutoka matumboni, na vena za ini, zinazoitoa, zote zimejaa. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ijulikane kwanza. Hilo ni la daktari anayemfuata mgonjwa, lakini ukiliulizia hakuna atakayekuchukia.

La nne, muulize mgonjwa alishikaje pumzi: alizijaza au alizitoa. Liandike. Litakufaa kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: Kompyuta, programu na umeme

Programu ninayotumia ni 3D Slicer. Ni ya bure, ilianzia mwaka 1998 Boston kati ya hospitali ya Brigham and Women's na MIT, na inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. RAM ya GB 8 itakufikisha kwa shida. 16 ni raha. Watengenezaji wenyewe wanasema ni chombo cha utafiti, hawakuiidhinishia tiba. Ichukulie hivyo: ramani yako ni jicho la pili, na neno la mwisho kuhusu picha ni la radiolojia.

Ongeza viongezi viwili. TotalSegmentator, iliyotoka Basel, Uswisi, ilifundishwa na kujaribiwa mwanzoni kwa skana 1,204 na huchora ini na viungo vingine yenyewe. Mafaili yake ni mazito, gigabaiti kadhaa, kwa hiyo yapakue mahali penye intaneti ya wifi ya kweli, si kwa bando la simu. Kiongezi cha pili ni Slicer-Liver, kazi ya watu wa Oslo, kinachokusaidia kuchora ukuta wa kukatia na kupima umbali wake kutoka kwenye uvimbe.

Kuhusu umeme sina la kumfundisha mtu wa Bukavu. Nunua onduleri, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Na hata ukiwa nayo, bonyeza Ctrl na S kila unapomaliza mshipa mmoja. Niliwahi kupoteza saa 3 za vena porta saa 4 usiku, SNEL, shirika la umeme, ilipokata na betri ya kompyuta ilikuwa imekufa siku nyingi nami nilijua. Hifadhi kazi nzima kama faili moja ya MRB, na nakala iende kwenye flashi.

Kitu kimoja ambacho vijana hukiruka: ndani ya DICOM mna jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, wakati mwingine na mtaa. Kabla ya kuitoa faili hospitalini au kuituma kwa WhatsApp kwa rafiki mwenye kompyuta nzuri, lifute jina uweke namba. Mji wetu ni mdogo.

Hatua ya 3: Kuchora

Vuta folda ya DICOM uiachie juu ya dirisha la Slicer, chagua awamu ya porta, ifungue. Kabla ya kugusa brashi, nenda kwenye Volumes usome vipimo: milimita kwa milimita kwa milimita. Namba ya tatu ikisema 5, rudi hatua ya 1. Usijidanganye kwamba utalainisha baadaye.

Hapo nilijidanganya mimi. Nilikuwa mgeni katika kazi hii, katika hospitali ambayo siitaji, na picha zilikuwa za milimita 5. Nikachora uvimbe, nikalainisha kila kitu mpaka ukapendeza kama embe, nikamwonyesha mpasuaji nafasi ya milimita 8 kati ya uvimbe na vena ya kulia ya ini. Alifurahi. Ndani ya bloki, sonda ya ekografi, ile inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti, ilipogusishwa kwenye ini, uvimbe ulikuwa umeegemea vena kama mtu aliyeegemea ukuta. Hakuna nafasi. Mpango ukabadilishwa papo hapo, mgonjwa akapona, lakini jioni ile sikula.

Sasa fungua Segment Editor. Tengeneza tabaka hizi: ini, vena kava (mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni), vena porta, vena za ini, uvimbe, mfuko wa nyongo. Rangi mkubaliane na mpasuaji mapema, na msizibadilishe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kwetu porta ni zambarau na vena za ini ni buluu.

Ganda la ini ndiyo kazi rahisi. Mwachie TotalSegmentator, kisha pita kipande kwa kipande ukiangalia pale inapokosea zaidi: mpakani na moyo chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, karibu na figo ya kulia, na pale uvimbe unapogusa ukingo, kwa sababu mara nyingi uvimbe huachwa nje ya ini kana kwamba si wake. Kompyuta yako ikiwa dhaifu, kuna namna ya haraka, lakini hiyo husoma kwa milimita 3. Kwa ganda inatosha. Kwa mishipa, hapana.

Mishipa ndiyo kazi yenyewe, na hapa nitakaa.

Ili uchore kwa akili, kumbuka alivyoligawa ini Mfaransa Claude Couinaud miaka ya 1950, katika sehemu 8. Ukitaka kuielewa bila kukariri, panda kwenye vilima vya Bushi utazame mashamba. Kati ya shamba na shamba kuna mtaro wa kupitisha maji. Katikati ya kila shamba kuna njia ya kuingilia. Vena za ini ni mitaro: tatu, ya kulia, ya kati na ya kushoto, zinapita mipakani na zote zinapanda kumwaga kwenye vena kava chini ya kiwambo. Matawi ya porta ni njia: kila moja linaingia katikati ya shamba lake na kulilisha. Sehemu ya II na III ziko kushoto, ya IV katikati, V na VI kulia chini, VII na VIII kulia juu zimejificha chini ya mbavu, na ya I imekaa nyuma, imekumbatia vena kava. Kwa selio, kushoto na chini hufikika. VII na VIII ni kama kuingia nyumba kwa dirisha la choo.

Kwenye awamu ya porta mifumo yote miwili inang'aa karibu sawa, na kompyuta haitofautishi. Wewe ndiye utakayetofautisha, kwa kufuata mizizi. Anza na porta kwenye lango la ini, pale inapogawanyika kulia na kushoto, ufuate tawi hadi lipotee. Kisha anza upya na vena za ini kutoka vena kava kushuka chini. Mifumo hii hupishana kama vidole vya mikono miwili, lakini haiungani. Kompyuta ikikuonyesha tawi la porta limeunganika na vena ya kati, usishangae wala usiamini: ni vitu viwili vilivyokaa karibu kuliko unene wa picha.

Chombo kinachonifaa zaidi ni Grow from seeds. Weka alama fupi za brashi, 4 au 5, kwenye kila mshipa mkubwa, alama kwenye nyama ya ini, alama kwenye uvimbe, katika mielekeo yote mitatu ya picha. Bonyeza Initialize, subiri, tazama. Palipokosewa, ongeza alama, usipake rangi upya kila kitu. Baada ya hapo tumia Islands kufuta vipande vidogo vinavyoelea peke yake, maana mshipa hauelei. Kulainisha kuwe kwa kiasi: Median ya milimita 3 hulipendezesha ganda lakini humeza matawi membamba ya porta. Mimi hulainisha ini peke yake, mishipa naiacha na mikunjo yake.

Uvimbe uchore kwa mkono. Ni mdogo, na ndio sababu ya kazi yote, usiuachie mashine. Ukimaliza, mwite radiolojia auangalie kipande kwa kipande. Akisema ukingo umezidi, punguza bila ubishi.

Hatua ya 4: Kitakachobaki

Moduli ya Segment Statistics itakupa ujazo wa kila tabaka kwa sentimita za ujazo. Hesabu inayotakiwa ni moja: ini litakalobaki, gawa kwa ini zima ukitoa uvimbe. Tuseme ini lote ni 1,400, uvimbe 200, kitakachobaki 420. Ini linalofanya kazi ni 1,200, na 420 ni asilimia 35.

Asilimia 35 ni nyingi au chache? Inategemea ini la nani. Ini lenye afya kabisa hujikimu kwa asilimia 20 hadi 25. Lililopitia dawa nyingi za kansa linataka 30. Lenye sirosisi, yaani lililokakamaa kwa makovu, linataka 40 au zaidi, na huyu wa mfano wetu, akiwa na sirosisi, asipasuliwe kwa mpango huu. Huku kwetu swali hili si la nadharia. Hepatitisi B ipo, na aflatoksini, sumu ya ukungu, ipo kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Zikikutana kwa mtu mmoja, ini huumia maradufu. Kwa hiyo ukipeleka asilimia, peleka pamoja nayo hali ya ini lenyewe. Asilimia peke yake haimsaidii mpasuaji.

Hatua ya 5: Kikao cha usiku wa kuamkia upasuaji

Usimtumie mpasuaji video ya ini linalozunguka. Inavutia, haisaidii. Kaeni naye mezani nusu saa, mgeuzie ini kama atakavyoliona kupitia kamera, yaani kutoka kitovuni akitazama juu kuelekea begani, na umwache aulize. Mpasuaji mmoja mzee ninayemheshimu huuliza mambo matatu tu: "Mshipa gani nitakutana nao wa kwanza? Uko ndani kiasi gani? Na nikikosea, nitaangukia wapi?" Ukiweza kujibu hayo matatu kwa sentimita, ramani yako imefanya kazi. Yaandike kwa kalamu nzito kwenye karatasi moja na uibandike ukutani, chini ya skrini. Kompyuta inaweza kuzima, karatasi haizimi.

Hatua ya 6: Ndani ya bloki, ramani inapozeeka

Sasa rudi Funu. Skana ilipigwa mgonjwa amelala chali, mikono juu, ameshika pumzi, misuli imekaza. Mezani ameinuliwa kichwa, amelazwa kidogo upande, misuli imelegezwa na dawa, tumbo limejazwa gesi ya kabonidioksidi kwa shinikizo la milimita 12 hivi za zebaki. Kiwambo kimesukumwa juu, ini limebonyea na kugeuka. Kisha mpasuaji anakata kano zinazolining'iniza, na ini linaanguka upande mwingine. Ramani yako bado ni ya kweli kuhusu nini kimepakana na nini. Kuhusu kiko wapi hasa, imezeeka.

Kinachoifanya upya ni ekografi, moja kwa moja juu ya ini. Njia hii haikuanza jana: Mjapani Masatoshi Makuuchi aliitumia tangu miaka ya 1980 kupata mipaka ya sehemu za ini kwenye tumbo lililofunguliwa. Ya selio ni sonda ndefu yenye ncha inayopinda, inayopita kwenye trokari, bomba la kuingizia vyombo tumboni, la milimita 12.

Msipokuwa na sonda hiyo, nitasema wazi: msiwinde uvimbe wa ndani kwa selio kwa kutegemea 3D peke yake. Chagueni uvimbe unaoonekana juu ya ganda, upande wa kushoto au chini, au mfungue tumbo na kutumia sonda ya kawaida iliyovikwa mfuko safi. Kufungua tumbo si aibu.

Mkiwa nayo, kazi inakwenda hivi. Ganda la ini lilowanishwe kwa maji ya chumvi ili sonda isipate hewa. Mpasuaji asianze na uvimbe, ingawa macho yake yatavutwa huko. Aanze na porta ya kushoto, aifuate, kisha ya kulia, kisha vena tatu hadi vena kava. Kwenye ekografi porta ina kuta zinazong'aa nyeupe na vena za ini ni giza bila kuta. Kwa alama hiyo hamtapotea. Kila mshipa unaopatikana, wewe uoneshe kwenye kompyuta mahali ulipo, kwa sauti, na yeye akubali au akatae. Mishipa 3 au 4 ikikubaliana, ramani imepachikwa. Ikikataa mmoja, simameni.

Tukiwa hapo, mazungumzo ni mafupi:

"Mama, tushikie pumzi."

"Imeshikwa."

"Docta, hii ni tawi la sehemu ya nane?"

"Ndiyo, Mzee. Uvimbe uko nyuma yake, ramani inasema milimita 12."

"Mimi naona milimita saba."

"Basi ni saba."

Anestezi, yule aliyeitwa Mama, huzuia mashine ya kupumulia kwa sababu ini hupanda na kushuka na pumzi, sentimita moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo lile swali la hatua ya 1 linapofaa: mshike pumzi katika hali iliyo karibu na ile ya skana. Na ramani na ekografi zikigombana, ekografi ndiyo inayoshinda, daima, kwa sababu yenyewe inaliona ini la sasa hivi.

Mipaka ikishakubalika, mpasuaji huiandika kwa moto wa umeme juu ya ganda. Wengi pia huandaa kamba ya kubana mlango wa damu, ujanja alioueleza James Hogarth Pringle mwaka 1908: hubanwa dakika 15, huachiwa 5. Wewe shika saa. Kukata kukianza, sonda irudi kila mnapoingia ndani kiasi cha sentimita moja. Hewa inayoingia kwenye mkato huonekana kama mstari mweupe. Tazameni mstari huo unakwenda wapi. Ukielekea kwenye uvimbe, pindeni mapema, kabla mkato haujawa shimo refu lisilogeuzika.

Mitambo mikubwa, kwa atakayepata nafasi ya kuiona

Ukienda mafunzo Ulaya au Asia utakuta vyumba ambamo kompyuta inafuatilia vifaa yenyewe. Namna ya kwanza ni kamera za miale isiyoonekana zinazofuata vijipira vilivyofungwa kwenye mpini wa kifaa. Zina usahihi mzuri, ila mtu akisimama katikati zinapofuka, na hazijui ncha ya sonda imepinda vipi. Namna ya pili ni uga wa sumaku: sanduku linawekwa karibu na mgonjwa, na kihisio kidogo kama punje ya mchele kinawekwa kwenye ncha ya sonda yenyewe. Hicho kinafuata hata ncha iliyopinda, lakini chuma kikubwa kilicho karibu huivuruga sumaku, na meza ya upasuaji ni chuma.

Usipumbazwe na ini la rangi linaloelea juu ya picha ya kamera. Nalo lilipachikwa kwa alama chache, nalo linazeeka gesi ikibadilika, na kosa la milimita 5 hadi 10 si jambo geni kwenye kiungo laini. Waulize wenyeji swali la mtu wa Funu: mlipima lini mara ya mwisho?

Dawa ya kijani, indosianini, inayong'aa ikimulikwa, ni nafuu zaidi, kama kamera yenu inaona miale ya karibu na nyekundu. Kamera ya kawaida haitaona kitu. Chupa ya miligramu 25 huchanganywa na mililita 10 za maji yake. Mpasuaji hubana kwanza tawi la porta na ateri ya sehemu inayotoka, kisha mililita 1, yaani miligramu 2.5, hupigwa mshipani. Ini lote hung'aa isipokuwa sehemu ile, na mpaka unauona kwa macho. Ina kasoro mbili: haionekani kina kinachozidi kama sentimita moja, na kwenye sirosisi hata vinundu visivyo kansa huweza kung'aa. Dawa yenyewe ina ayodini, kwa hiyo waliowahi kudhurika na kontrasti waulizwe mapema.

Baada ya bloki

Kipande kilichotoka kisiende maabara kabla hujakiona. Omba kikatwe mbele yako, uweke rula, upime umbali mfupi kabisa kati ya uvimbe na ukingo wa mkato, na upande gani. Uandike kwenye daftari pembeni ya namba uliyoitoa usiku wa kuamkia. Piga picha, bila jina. Daftari langu lina kurasa ambazo tofauti ni milimita 2, na ukurasa mmoja wa milimita 9, upande wa tawi la nane, picha za milimita 5.